Gari Lisishuke Mteremko

Kasongo, 14 Januari 2024

Mwanangu Soraya,

Asalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa nimeketi, jambo ambalo wiki iliyopita nisingeliweza. Miguu ilivimba tena na daktari amenibadilishia vidonge. Hivi vipya vinanilaza kama mtoto mchanga, lakini pumzi imerudi kidogo. Hapa mtaani wote ni wazima. Mvua ya Ijumaa iling'oa bati mbili za jikoni. Jirani yangu Arlette, yule mshonaji, amepata mjukuu wa kiume na hapumziki kumwonyesha kwa wapita njia. Bidoni, lile dumu la mawese ulilonitumia, ilifika. Ni mazuri, mekundu, hayana maji. Nakushukuru, ingawa daktari amenikataza kuyala.

Sasa habari ya gari. Hamadi atakueleza mwenyewe akifika, maana amepanda pikipiki ya watu kuja kwako, lakini nataka uisikie kwangu pia. Unajua pikapu ile aliyoinunua Kalemie kwa mtu ilikuja na breki mbovu, na Marcellin akaihangaikia katika garaji lake hapa nyuma ya ukuta wangu. Kabla ya Mwaka Mpya akairudisha. Nilimsikia akimwambia mwanao, "Ukanyage tu, muzee. Hii breki sasa inaweza simamisha treni." Hamadi akaiegesha uani kwangu akingojea mzigo wa Salamabila. Siku mzigo ulipopatikana, sukari na betri za tochi, na abiria wawili wameshapanda juu, akakanyaga breki palepale uani na pedali ikazama mpaka chini kama mguu unaozama katika uji. Hakutoka getini. Mwenye mzigo akatafuta gari lingine.

Marcellin anasema pampu ya breki imekufa na mpya lazima itoke Bukavu. Hamadi alitupa kofia chini. "Bibi," akaniambia, "huyu mutu anakula mimi. Anatengeneza kitu ili kiharibike." Nikampa chai.

Nakuuliza jambo moja tu. Ni lazima iwe Salamabila? Mchele wa Lusangi haupandi magari? Tangu mumeo Assumani asirudi kutoka njia ile, kila nikisikia gari likipiga honi getini mkono wangu unatafuta ukuta wa kushika. Lakini hayo ni yako na mwanao. Mimi ni mzee wa kando.

Shangazi yako,
Asma


Kabambare, 2 Februari 2024

Shangazi yangu,

Aleikum salaam. Barua yako ilikaa Lusangi kwa sababu mtu wa pikipiki alikuwa na malaria, ikanifikia imelowa pembeni, lakini yote inasomeka. Pole na miguu. Uinue juu ya mto ukilala. Sisi ni wazima. Muhogo umekubali mwaka huu. Mnara wa simu umekufa tena. Iliyobaki ni simu ya Fadhili dukani, pale juu kilimani, na yeye huweka sauti kubwa ili waliopanga foleni wacheke mambo ya wenzao. Kwa hiyo tuandikiane tu.

Hamadi alifika. Hasemi mengi. Analala mchana, akiamka anaenda kuzungumza na madereva. Alileta nguo chafu, na kati yake kitambaa alichofutia gari pale uani kwako. Nimekifua kwa sabuni na majivu. Doa halitoki.

Kuhusu Marcellin, nakuomba usimharakishe. Pampu ikichelewa Bukavu, ichelewe. Akisema anataka mwezi mwingine, apewe. Nimeuza cherehani kwa ajili ya hiyo pampu. Hamadi aliniuliza, "Mama, mbona wewe hukasiriki? Watu wote wamekasirika." Nikamwambia kazi ya fundi iko na saa yake.

Uliuliza kama ni lazima iwe Salamabila. Shangazi, unajua Baba Hamadi aliacha pikipiki yake imesimama vizuri kandokando ya njia, na ufunguo ndani. Hamadi anasema mtu asiyefikiria kurudi hawezi kuacha ufunguo. Anasema mtu yeyote aliyekwenda Salamabila kutuulizia alikuwa mtu wa wengine, aliuliza siku moja akarudi. Mimi namsikiliza. Sijui nikujibu nini zaidi ya hapo.

Nimekutumia dagaa kidogo. Usimpe paka.

Mwanao,
Soraya


Kasongo, 23 Februari 2024

Mwanangu Soraya,

Salamu nyingi. Dagaa nimewapata, paka ameambulia vichwa.

Marcellin alimaliza kazi wiki iliyopita na gari likalala uani kwangu. Hamadi, aliyekuwa amerudi hapa kulichukua, alisema angengojea mzigo mpaka mwisho wa mwezi. Juzi asubuhi, mimi nikiwa usingizini kwa sababu ya vidonge, akapata abiria wa kuja kwenu akaondoka. Hakuniamsha. Aliniachia mkate juu ya meza.

Soraya, nisikilize vizuri. Gari hilo lisishuke mteremko wowote. Kwenye tambarare, polepole, ndani ya mji, sawa. Lakini mteremko wa kwenda mto Luama, hapana. Wala kile kilima cha dukani. Na asibebe watu. Kazi ya Marcellin siiamini.

Jana nilikwenda kwa Arlette kuazima simu nikapiga dukani. Fadhili alipokea. Nilisikia watu wakicheka nyuma yake, naye akawaambia, "Nyamazeni, ni Mama Direktrisi, mkuu wa shule yetu, aliyenifundisha kusoma." Nikamwambia awaambie nyumbani kwamba gari lisishuke mteremko. Akauliza, "Kuna nini, Mama?" Nikasema hakuna kitu, ni woga wa wazee. Wakacheka tena. Sijui kama alikufikishia.

Nijibu upesi. Mpe barua mtu anayekuja moja kwa moja, asiyelala njiani.

Asma


Kabambare, 20 Machi 2024

Shangazi yangu,

Asalaam aleikum na Ramadhani njema. Najua hufungi kwa sababu ya dawa. Usijisikie vibaya, mimi nafunga kwa ajili yetu wawili. Mvua ilikata daraja la magogo, ndiyo maana umekaa muda mrefu bila neno langu. Mama wa Fadhili alifariki, tumemzika. Mbuzi wetu amezaa mapacha.

Fadhili alinifikishia. Aliiga sauti yako na watu wakacheka.

Gari linatembea. Hamadi amekwenda nalo Lusangi na kurudi na mchele, na watu wakatoka kumpigia makofi kama anatoka Makka. Anasema pedali ni nzito asubuhi na laini mchana, na lazima akanyage mara mbili ndipo ishike. Nilimwambia alirudishe Kasongo kwa Marcellin. Akasema, "Ili anile tena? Nimeshaizoea."

Kwa nini uliandika habari ya mteremko namna ile? Hapana, usinijibu.

Kuna wafanyabiashara hapa wanaotafuta gari wiki ijayo. Sijauliza wanakwenda wapi.

Soraya


Kasongo, 27 Machi 2024

Soraya,

Barua yako imefika sasa hivi na aliyeileta anarudi sasa hivi, nimemshika kwa shati. Wanakwenda wapi hao wafanyabiashara? Chukua ufunguo wa gari. Utupe kisimani kama huna pa kuuficha. Mwambie Hamadi naumwa sana, naitaka sura yake, aje kwa pikipiki na si kwa gari. Hilo la kuumwa ni kweli.

Asma


Kabambare, 14 Aprili 2024

Shangazi,

Idi imepita. Tulisali, hatukupika.

Hamadi yu hai. Naandika hilo kwanza.

Ilikuwa Ijumaa mbili kabla ya Idi, mteremko wa Luama. Walikuwa wafanyabiashara watatu nyuma, na mbele mama mmoja wa Kibangubangu na kuku wake. Safari ilikuwa ya Salamabila. Hamadi anasema juu ya kilima alikanyaga ikashika. Katikati alikanyaga ikashika kidogo. Baada ya hapo alikuwa anakanyaga upepo. Chini kulikuwa na watu wanaongojea kuvuka, na watoto wanaouza ndizi. Akapiga honi mpaka mwisho, kisha akakata usukani na kuliingiza gari kwenye kichuguu kikubwa kilicho kando ya njia. Kichuguu kililisimamisha. Mguu wake wa kulia umevunjika chini ya goti. Mfanyabiashara mmoja amepoteza meno. Yule mama alishuka, akahesabu kuku wake, akamwambia Hamadi, "Mutoto, safari nyingine utwambie mapema kama unapeleka sisi mbinguni." Watu walicheka, huku wengine bado wanalia.

Yuko hapa kwangu, amefungwa vijiti na mganga wa mifupa. Usiku hataki mlango ufungwe.

Baba zake wadogo walikodi lori, wakalipeleka gari Kasongo kuwaonyesha polisi kazi ya Marcellin. Utakuwa umesikia. Wamemfunga. Wanasema alitia pampu ya zamani na kula fedha ya mpya, na kwamba hatoki mpaka alipe gari zima. Mimi sikwenda.

Una afya gani?

Soraya


Kasongo, 28 Aprili 2024

Soraya,

Leo sitaanza kwa salamu.

Ni mimi niliyeharibu breki za gari.

Nimeliweka neno hilo mbele kwa sababu ningeanza na maelezo ungeanza kunihurumia kabla hujajua unamhurumia nani. Sasa maelezo.

Hamadi alipoleta gari hapa Desemba alinifundisha kila kitu kilicho chini ya boneti. Unamjua, anapenda kumfundisha mwalimu. Alinionyesha kikopo cheupe cha mafuta ya breki akaniambia, "Bibi, nikiwa sokoni ukiona mtu anagusa hapa, piga kelele. Yakiingia mafuta mengine, hata haya ya kupikia, mipira ya ndani inavimba na breki inakufa." Nikamuuliza inakufa baada ya muda gani. Akacheka. "Siku chache. Kwani Bibi anafungua garaji?"

Asubuhi moja, baada ya alfajiri, yeye akiwa bado msikitini, nilichukua kijiko cha jikoni. Nikachota mawese yako, nikayapitisha juu ya makaa yawe mepesi, nikayamimina mle. Nikafuta kikopo kwa kitambaa chake mwenyewe kilichokuwa juu ya injini. Mkono wangu huu ambao hauwezi kufikisha kikombe mdomoni bila kumwaga, siku ile haukutikisika. Mpaka leo nikiukumbuka ulivyotulia, nauogopa kama mkono wa mtu mwingine.

Nilitaka gari life uani. Nilifikiri kijana atamlaani fundi, atauza vyuma, atafungua duka karibu na mama yake, na njia ile haitampata. Pedali ilipozama mbele ya geti nilikuwa nimesimama dirishani, na nilimshukuru Mungu. Umeona nilipofika. Marcellin alipoleta pampu mpya, nikarudia. Ilikuwa pampu mpya kweli, Soraya, niliiona ikitolewa kwenye karatasi yake. Lakini mara hii Hamadi hakungoja. Niliamka nikakuta alama za magurudumu na mkate mezani.

Kuanzia saa ile nilijua kuna kitu ndani ya breki kinachofanya kazi polepole, na mtoto yuko juu yake. Na nilikuwa na simu mkononi. Ningeweza kumwambia Fadhili neno moja, mawese, na Hamadi angeelewa palepale. Nikasikia wale watu wanacheka, nikamwonea aibu mwanafunzi niliyemfundisha herufi, nikasema ni woga wa wazee. Kumimina kule nilikufanya kwa hofu, na mtu mwenye hofu pengine atasamehewa. Ule ukimya wa kwenye simu sina jina la kuupa.

Barua yangu ya tarehe 27 Machi ilirudishwa kwangu. Daraja lilikuwa limekatika tena na mtu yule hakupita. Nimeiweka ndani ya hii uione.

Kuhusu Marcellin. Mke wake Cécilia hupita chini ya dirisha langu kila mchana na sufuria ya chakula cha kupeleka polisi. Husimama, huniamkia. "Mama Direktrisi, utuombee." Nami humjibu kwamba nitawaombea. Kesho Arlette ataniazimia mkokoteni wa magunia, atanisukuma mpaka kwa kamanda, nami nitasema. Nimekuandikia wewe kwanza ili usisikie kwa watu wa njiani.

Daktari haniambii kitu, lakini safari hii hakunipa siku ya kurudi. Siogopi hilo kama ninavyoogopa jibu lako. Lakini usimfiche Hamadi. Msomee.

Asma


Kabambare, 19 Mei 2024

Shangazi yangu,

Asalaam aleikum. Hukunisalimu lakini mimi nakusalimu. Umeamkaje? Miguu je? Unakula?

Barua zako mbili nimezipata. Nilizisoma nikiwa nimekaa juu ya pipa la mawese, na hapo ndipo ninapoandika.

Nilijua.

Nauza mawese tangu nilipokuwa msichana. Kuna doa gani la mawese nisilolijua? Kile kitambaa nilikisugua, nikakianika kwenye uzio, nikakitazama jua lote mpaka likatua. Mle uani mlikuwa na watu wawili tu, na mmoja alikuwa Hamadi. Kisha nikakitia motoni, nikakaa nikakuandikia usimharakishe Marcellin. Soma tena barua ile. Cherehani sikuiuza kwa uchungu. Niliona nanunua mwezi mmoja wa mwanangu kulala nyumbani, na niliona ni rahisi.

Ulipoandika habari ya mteremko nilielewa umerudia. Nilificha ufunguo ndani ya mchele. Hamadi alitafuta siku mbili, kisha akaja kusimama mbele yangu. "Mama, ufunguo." Nikampa. Ningemwambia nini? Kwamba Bibi yake ametia mawese, na mimi ninajua, na nimenyamaza? Nikasema moyoni, litakufa mlangoni kama mara ya kwanza. Sote wawili tulidhani gari lisiloweza kusimama haliwezi kuondoka. Watu tuliosoma, Shangazi.

Kwa hiyo usiogope jibu langu. Sina mahali pa kusimama ili nikuhukumu.

Nilimsomea Hamadi, yako yote, kisha nikamweleza yangu. Alikuwa amelala na mguu juu ya kiti. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alichokoa vijiti vya mguu, kisha akauliza, "Mama, kwa nini hamukuniambia tu, usiende?"

Nikaona kweli, hakuna aliyemwambia. Wewe uliniuliza mimi kama ni lazima. Mimi nikamsikiliza. Baba zake wadogo wakamtafutia mizigo. Cherehani imeuzwa, breki imeharibiwa, fundi amefungwa, na hilo neno moja hakuna aliyelitoa mdomoni.

Mimi najua kwa nini sikulitoa. Viatu vya Baba Hamadi viko mlangoni, navifuta vumbi kila Ijumaa. Nikimwambia mtoto usiende, njia ile inaua, nitakuwa nimesema baba yake ameuawa. Nimekaa miaka miwili bila kulisema. Hata sasa limeandikwa tu, sijalisema.

Hamadi akasema tena, "Mimi nilikuwa naogopa kuliko ninyi. Ile siku pedali ilizama pale kwa Bibi, nilitupa kofia ili watu waone nimekasirika." Halafu akasema, "Lakini mguu ukiunga na gari likipona, nitakwenda. Mtu wa kwetu lazima akamuulize Baba."

Nilifungua mdomo. Neno halikuja. Wewe ndiye mkubwa wetu. Liseme wewe.

Soraya


Kasongo, 3 Juni 2024

Kwa Soraya na Hamadi,

Salamu za mtu aliyelala. Mwandiko huu ni wa Arlette, mimi natamka tu, naye ananiambia nitamke polepole kwa kuwa yeye ni mshonaji na si karani. Kiangazi kimeingia, vumbi linapanda mpaka kitandani. Bati za jikoni zimerudishwa.

Nilikwenda kwa kamanda ndani ya mkokoteni, na mto mgongoni. Watoto walitufuata wakidhani ni harusi. Nilisema yote mbele yake na mbele ya baba wadogo wa Hamadi, waliokuwa wamekuja kudai. Kamanda aliuliza kama Mama ana homa. Nikamwomba aandike, nikamtajia kijiko, makaa, na kikopo kilipo. Alipoona naweza kutaja kikopo kilipo, akaacha kuuliza habari ya homa. Walinitaka nitie sahihi, nikatia. Wakanirudisha nyumbani kwa mkokoteni uleule. Hawana pa kumlaza mtu kama mimi.

Marcellin alitolewa siku ileile. Amekonda. Alikuja hapa na Cécilia wakasimama mlangoni, hawakutaka kiti. Akanitazama sana. "Mama Direktrisi, wewe? Wewe ulinipiga fimbo kwa sababu ya penseli ya mwenzangu." Nikamwambia ni mimi. "Kule ndani walikuwa wananiita mwizi wa breki. Nikaanza kuamini mwenyewe. Nikasema labda kweli sijui kazi." Hapo alilia, na Cécilia akageuza uso ukutani. Nilimwomba radhi. Hakunipa, na hakusema hatanipa. Alipofika getini akarudi hatua mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini betri ya gari la Hamadi, ile nzuri, niliichukua mimi. Nitairudisha." Nilicheka mpaka Arlette akaogopa nimekufa.

Gari liko garajini kwake. Kuna fundi mwingine mjini, lakini nilimtaka yeye, naye amekubali kwa sharti kwamba kikopo kifungwe kufuli. Anaondoa kila kipande cha mpira, cha mbele na cha nyuma, hata kile kinachoonekana kizima, na kusafisha mabomba yote mpaka yatoke meupe. Anasema lilikuwa kosa lake kubadili pampu na kuacha mipira mingine, lakini hakuwa na sababu ya kudhani. Nimeuza shamba langu la Nyangwe kulipia hayo yote. Soraya, cherehani badala ya ile yako itakuja na mtu wa kwanza mwenye nafasi.

Pumzi yangu sasa inaenda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu. Usiku nauona mteremko ule ambao sijawahi kuuona kwa macho, na watoto wa ndizi chini yake. Sijui kama hofu hii inaisha mtu akifa. Nitajua karibuni.

Soraya, umeniomba niseme mimi. Nitasema, lakini nawe ulitamke neno hilo siku utakapompa barua hii, kwa mdomo, akikutazama. Viatu viache mlangoni ukitaka. Havimzuii mtu kusema.

Hamadi, baba yako alikuwa mtu mzuri, na naamini hatarudi. Hilo ndilo tulilokuficha kwa kijiko na kwa cherehani. Sasa hakuna tunachokuficha, na wewe ni mtu mzima. Nimemwambia Arlette anipe kalamu.

Usiende, mwanangu. Ukienda, gari litasimama utakapotaka lisimame.

Bibi yako Asma